Kiini au Maktaba? Uhakiki wa Vigezo vya Kugawa Kazi katika Mfumo Endeshi

IKISIRI

Makala haya yanahakiki vigezo vitatu ambavyo wataalamu wa mifumo endeshi wamevitumia kuamua kama kipengele fulani kiwekwe ndani ya kiini au kiachwe katika maktaba inayoungwa na programu tumizi. Vigezo hivyo ni kasi, udogo wa kiini na hoja ya mwisho kwa mwisho. Uhakiki umefanywa kwa kupitia maandiko ya msingi na kwa kuchunguza visa vitatu: nyuzi na makufuli katika Linux, michoro katika Windows NT, na itifaki ya QUIC. Makala yanadai kwamba hakuna kigezo hata kimoja kati ya hivyo vitatu kinachoweza kutoa hukumu kikiwa peke yake. Kasi hubadilika kadiri maunzi yanavyobadilika. Udogo hutegemea orodha ya mahitaji iliyokwisha kukubaliwa. Na hoja ya mwisho kwa mwisho hainyamazishi swali la nani alindwe dhidi ya nani. Badala yake, inapendekezwa kwamba mgawanyo uanze na swali la mamlaka: ni sehemu ipi ya kipengele inayohitaji nguvu ya kumlazimisha asiyetaka au ya kusimamia haki za asiyekuwapo? Sehemu hiyo ndiyo ya kiini. Sehemu iliyobaki ina haki ya kudai kukaa nje.

1.0 Utangulizi

Kila mfumo endeshi una mpaka. Upande mmja wa mpaka huo kuna msimbo unaotekelezwa kwa haki zote za prosesa, unaoweza kusoma na kuandika popote katika kumbukumbu na kuamuru kila kifaa. Upande wa pili kuna programu tumizi pamoja na maktaba zake, ambazo haziwezi kufanya lolote kati ya hayo bila kuomba. Swali la nini kikae upande upi limejadiliwa tangu mwaka 1970, Per Brinch Hansen alipoeleza kiini cha kompyuta ya RC 4000 kuwa ni msingi mdogo ambao juu yake mifumo endeshi ya aina mbalimbali ingeweza kujengwa. Zaidi ya nusu karne imepita na swali halijafungwa.

Sababu ya kutofungwa si uhaba wa majibu. Majibu ni mengi, na kila kizazi kimekuja na lake kwa uhakika mkubwa. Tatizo linaloshughulikiwa hapa ni kwamba majibu hayo hutolewa kama kanuni za jumla, ilhali yakipimwa kwa historia ya vipengele vyenyewe huonekana kuwa ni maelezo ya hali za wakati fulani. Kipengele kilichoondolewa katika kiini kwa hoja ya usafi hurudishwa kwa hoja ya kasi. Kilichorudishwa kwa hoja ya kasi huondolewa tena kwa hoja ya usalama. Mhakiki hana budi kuuliza kama katika mahame haya kuna jambo lolote lisilohama.

Uzito wa swali hauko katika nadharia pekee. Kosa katika maktaba humuumiza aliyeitumia. Kosa katika kiini huwaumiza wote waliomo katika mashine, hata wale ambao hawajawahi kukiomba kipengele hicho. Aidha, kipengele kikishaingia katika kiini huwa ni ahadi: programu zitaandikwa kwa kukitegemea, na kukiondoa kutakuwa ni kuzivunja. Hivyo basi, uamuzi unaofanywa mara moja na watu wachache hubebwa na wengi kwa miaka mingi.

2.0 Istilahi na Mipaka ya Uhakiki

Neno kiini linatumika hapa kwa maana ambayo baadhi ya waandishi huiita kerneli, yaani sehemu ya mfumo endeshi inayotekelezwa kwa haki za juu za prosesa. Maktaba ni mkusanyiko wa msimbo unaoingizwa ndani ya mchakato wa programu tumizi na kutekelezwa kwa haki zilezile za programu hiyo. Mwito wa mfumo ni njia rasmi ambayo programu huitumia kukiomba kiini huduma.

Ni muhimu kutofautisha maktaba na seva. Seva hukaa nje ya kiini kama maktaba, lakini ni mchakato unaojitegemea, wenye kumbukumbu yake yenyewe. Programu iliyoharibika haiwezi kuichafua data ya seva, bali inaweza kuichafua data ya maktaba iliyomo ndani yake. Maandiko mengi yanayosema kipengele “kimetolewa nje ya kiini” hayabainishi kimepelekwa wapi kati ya sehemu hizi mbili, na ukimya huo, kama itakavyoonekana, ndio chanzo cha baadhi ya mabishano yasiyo ya lazima.

3.0 Vigezo Vilivyorithiwa

3.1 Kigezo cha kasi

Hoja ya kasi husikika zaidi kuliko zote. Kuvuka mpaka kati ya programu na kiini kuna gharama. Kwa hiyo, inadaiwa, kazi inayofanyika mara nyingi iwekwe mahali ambapo mivuko itapungua. Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inaweza kutumiwa na pande zote mbili kwa nguvu sawa. Linux toleo la 2.4 ilikuja na khttpd, seva ya kurasa za wavuti iliyotekelezwa ndani ya kiini chenyewe ili kuepuka mivuko. Katika mfululizo uliofuata iliondolewa, kwa kuwa seva za kawaida ziliweza kupata sehemu kubwa ya manufaa hayo kupitia miito michache ya jumla, kama ule wa kutuma faili moja kwa moja kwenye mtandao. Kwa upande mwingine, kazi ya kuuliza saa, ambayo kwa asili ilikuwa mwito wa mfumo, imehamishiwa nje kwa hoja hiyohiyo ya kasi: kiini cha Linux huweka ukurasa wa data ya saa katika kumbukumbu ya kila mchakato, nao mchakato hujisomea bila kuvuka.

Zaidi ya hayo, gharama ya kuvuka si kiasi kisichobadilika. Januari 2018, udhaifu wa prosesa uliopewa jina la Meltdown ulipotangazwa, mifumo endeshi mikubwa ililazimika kutenganisha majedwali ya kurasa ya kiini na ya programu katika prosesa zilizoathirika, na bei ya kila mwito ikapanda. Kigezo ambacho hukumu yake hugeuka kwa sababu ya kasoro ya prosesa kinafaa kupima utekelezaji, si kugawa mamlaka.

3.2 Kigezo cha udogo

Kauli mashuhuri zaidi ya kigezo hiki ni ya Jochen Liedtke (1995). Kwa mujibu wake, dhana inavumiliwa ndani ya kiini pale tu ambapo kuitoa nje, na hivyo kuruhusu watu watofautiane katika kuitekeleza, kungezuia utendaji unaohitajika wa mfumo. Kwa kipimo hicho alibakiza nafasi za anwani, nyuzi na mawasiliano kati yake. Kauli hii ina sifa mbili ambazo wahakiki wake hawakuzitendea haki kila mara. Kwanza, inaweka mzigo wa uthibitisho juu ya anayetaka kuingiza kitu ndani. Pili, iliambatana na ushahidi wa vitendo. Baada ya mfumo wa Mach kuwapa wengi dhana kwamba kiini kidogo lazima kiwe kizito, Hermann Härtig na wenzake (1997) walionyesha kwamba Linux iliyowekwa juu ya kiini cha L4 ilipungukiwa na takriban asilimia 5 tu ya uwezo wa Linux ya kawaida katika kipimo kimoja cha kazi mchanganyiko.

Hata hivyo, kauli yenyewe ina pengo. Inarejelea “utendaji unaohitajika” kana kwamba umekwisha kujulikana. Liedtke alitaja mahitaji yake: mifumo midogo iliyomo isiingiliane, na ahadi wanazopeana ziweze kutegemewa. Anayeyakubali mahitaji hayo atafika alipofika yeye. Anayeongeza hitaji la tatu, kwa mfano kwamba kazi ya dharura ikamilike kwa wakati, atajikuta na kiini kingine. Hivyo kigezo cha udogo hakiamui. Kinafuatisha uamuzi uliokwisha kufanywa wakati wa kuorodhesha mahitaji. Ushahidi upo ndani ya ukoo wa L4 wenyewe. Kevin Elphinstone na Gernot Heiser (2013), wakiangalia nyuma miaka ishirini ya ukoo huo, walikiri kwamba upangaji wa zamu za prosesa ulibaki ndani ya kiini ukiwa na sera yake, kinyume na kanuni. Hii si aibu kwa wajenzi hao, ambao kiini chao cha seL4, chenye mistari ipatayo 8,700 ya lugha ya C, kilithibitishwa kihisabati mwaka 2009. Ni dalili kwamba kuna kitu katika zamu ambacho kanuni ya udogo haikukieleza.

3.3 Hoja ya mwisho kwa mwisho

Jerome Saltzer, David Reed na David Clark (1984) walidai kwamba kazi ambayo haiwezi kukamilishwa kwa usahihi bila maarifa yaliyomo katika programu za mwisho isiwekwe katika tabaka la chini, isipokuwa kama nyongeza ya kuboresha utendaji. Kisa wanachokisimulia kinafaa kurudiwa. Katika mtandao wa MIT, kompyuta moja ya kati ilikuwa ikibadilishana nafasi za baiti mbili mara moja katika kila baiti milioni hivi zilizopita. Watumiaji waliamini kwamba mtandao unakagua makosa, kwa hiyo hawakukagua wenyewe. Mafaili ya msimbo wa mfumo endeshi yaliharibika, na wenyewe wakalazimika kuyalinganisha kwa macho na nakala zilizochapwa zamani. Ukaguzi wa kila hatua ulikuwepo. Ukaguzi wa mwisho haukuwepo.

Somo hili ni la kudumu, na wengi wamelichukua kama hoja ya kupunguza kiini. Lakini hoja hiyo inazungumzia usahihi wa kazi ya mtu mmoja mwenye ncha zote mbili. Haisemi lolote kuhusu watu wawili wasioaminiana wanaotumia diski moja. Pengo hili lilijitokeza waziwazi pale Dawson Engler, Frans Kaashoek na James O'Toole (1995) walipoifikisha hoja kwenye kikomo chake katika eksokerneli: kiini kigawe maunzi tu, na kila kitu kingine, pamoja na kumbukumbu pepe, kiwe katika maktaba. Kwa prosesa na kurasa za kumbukumbu mpango huo ulikwenda vizuri. Kwa diski ulikwama. Kila maktaba ilikuwa na muundo wake wa kupanga mafaili, na kiini kilipaswa kujua kipande kipi cha diski ni cha nani bila kuelewa muundo huo. Katika mfumo wao wa pili, ulioelezwa mwaka 1997, ilibidi kila maktaba ikikabidhi kiini vijiprogramu vya kutafsiri muundo wake, navyo kiini kikavitekeleza chini ya masharti makali ili kukagua umiliki. Maktaba ilibaki huru, lakini hakimu alirudi.

4.0 Kisa cha Kwanza: Nyuzi na Makufuli

4.1 Safari ya nyuzi

Nyuzi za utekelezaji ni mfano bora kwa sababu zimevuka mpaka zaidi ya mara moja. Nyuzi zikitekelezwa katika maktaba pekee, kubadilisha kutoka uzi mmoja hadi mwingine ni kazi nyepesi sana. Lakini uzi mmoja ukisubiri diski, kiini, ambacho hakijui kwamba kuna nyuzi nyingine, huusimamisha mchakato mzima. Thomas Anderson na wenzake (1991), katika Chuo Kikuu cha Washington, walipendekeza suluhisho la kati: maktaba ipange nyuzi zake, na kiini kiiarifu maktaba kila kinapotoa au kunyang'anya prosesa. Pendekezo hilo lilikuwa na mvuto mkubwa. NetBSD ililichukua katika toleo la 2.0 mwaka 2004, ikaliacha katika toleo la 5.0 mwaka 2009. Solaris, iliyokuwa na mpangilio wa tabaka mbili wa namna yake, iliuacha katika toleo la 9 mwaka 2002. Katika Linux, mradi wa tabaka mbili ulishindwa na maktaba ya NPTL ya Ulrich Drepper na Ingo Molnar, ambayo humpa kila uzi wa programu uzi mmoja wa kiini.

Maelezo ya kawaida ya kushindwa huko ni ugumu wa msimbo. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Wapangaji wawili wa zamu, mmoja katika maktaba na mwingine katika kiini, walikuwa wakiamua jambo moja kwa taarifa tofauti: kiini kiliweza kunyang'anya prosesa kutoka kwa uzi uliokuwa umeshika kufuli, na maktaba ikaendelea kupanga nyuzi ambazo zote zilikuwa zikilisubiri kufuli hilo.

Hata hivyo, hadithi haikuishia kwenye ushindi wa kiini. Lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, ilirudisha upangaji wa nyuzi nyepesi nje ya kiini na kufaulu. Java ikafuata kwa nyuzi pepe zilizokamilishwa katika toleo la 21 mwaka 2023. Kwa nini ilifaulu sasa kilichoshindikana awali? Kwa maoni ya mwandishi, ni kwa sababu wajenzi wa Go hawakudai kutimiza masharti yote ya kiwango cha POSIX. Walimiliki mkusanyaji wa lugha, maktaba na namna ya kusubiri mtandao kwa pamoja. Yaani maarifa yaliyohitajika yalikuwa kwao, si kwa kiini. Hapa hoja ya mwisho kwa mwisho inasimama imara.

Lakini kuna kipande kilichokataa kuhama. Hadi toleo la 1.13, uzi mwepesi wa Go uliweza kunyang'anywa zamu pale tu ulipofika kwenye mwito wa kazi nyingine. Kitanzi kirefu kisicho na mwito wowote kiliweza kushikilia prosesa na kuzuia hata ukusanyaji wa kumbukumbu iliyoachwa. Toleo la 1.14, la Februari 2020, lilirekebisha hali hiyo kwa kukiomba kiini kupeleka ishara inayoukatiza uzi huo. Maktaba iliweza kupanga, kukumbuka na kuchagua, haikuweza kulazimisha. Nguvu ya kumtoa asiyetaka kutoka ilibidi iazimwe kwenye kiini.

4.2 Futeksi

Kisa cha makufuli kinafundisha jambo hilohilo kwa udogo zaidi. Katika utaratibu wa zamani wa semafori za System V, kila kufunga na kila kufungua kulikuwa ni mwito wa mfumo, hata pale ambapo hakuna mwingine aliyelitaka kufuli. Hubertus Franke, Rusty Russell na Matthew Kirkwood walieleza mwaka 2002 utaratibu wa futeksi, ambao uliingia katika Linux 2.6. Kufuli ni namba ya biti 32 iliyomo katika kumbukumbu ya programu zenyewe. Anayetaka kufunga hujaribu kubadilisha sifuri kuwa moja kwa amri isiyogawanyika ya prosesa. Akifaulu, amemaliza, na kiini hakijui kwamba kufuli lipo. Akishindwa, huandika namba ya kuonyesha kwamba kuna anayesubiri, kisha hukiomba kiini kimlaze. Kiini hulinganisha namba hiyo tena kabla ya kumlaza. Ikiwa imebadilika, humrudisha mara moja. Ukaguzi huo mmoja ndio unaozuia mtu kulala baada ya mwamshaji kwisha kupita.

Mgawanyo huu unastahili kusifiwa kwa sababu haukuuliza “kufuli ni la kiini au la maktaba?” Uliuliza ni sehemu ipi ya kufuli inayomhitaji kiini. Kufunga pasipo mshindani ni mapatano ya programu zinazoshirikiana kumbukumbu. Hakuna mtu wa tatu anayehusika. Kulala na kuamshwa ni kuachilia prosesa na kuidai tena, jambo linalowahusu wote walioko katika mashine.

Historia iliyofuata inathibitisha mpaka huo na pia inaonya. Mwaka 2006 iliongezwa njia ya kushughulikia uzi unaokufa ukiwa umeshika kufuli. Maktaba hutunza orodha ya makufuli yaliyoshikwa. Uzi ukifa, kiini huipitia orodha, huweka alama ya kifo cha mwenye kufuli na kumwamsha anayesubiri. Maktaba haiwezi kuifanya kazi hiyo pale mchakato mzima unapouawa, kwa sababu inakufa pamoja na mwenyewe; marehemu hawezi kusimamia mirathi yake. Hata hivyo kiini hakiiamini orodha hiyo: kinaipitia kwa idadi ya hatua yenye kikomo, ili orodha iliyojizungusha isikikwamishe.

Onyo lilikuja Juni 2014. Kosa katika sehemu ya futeksi inayohamisha wanaosubiri kutoka kufuli moja hadi jingine, lililosajiliwa kama CVE-2014-3153, lilimwezesha mtumiaji wa kawaida kujipatia haki zote za mashine, na lilitumiwa kufungua simu nyingi za Android. Kikulacho ki nguoni mwako. Sehemu iliyokosewa haikuwa ule msingi wa kulala na kuamka, bali mojawapo ya nyongeza zilizorundikwa juu yake. Kila nyongeza ilikuwa na sababu, lakini mlango uliofunguliwa kwa kipengele chembamba ulipitisha mizigo minene zaidi.

5.0 Kisa cha Pili: Michoro katika Windows NT

Windows NT ilipotoka mwaka 1993, usimamizi wa madirisha na uchoraji ulikuwa katika mchakato wa nje ya kiini. Katika toleo la 4.0, mwaka 1996, sehemu hizo zilihamishiwa ndani ili kupunguza gharama ya mivuko. Kwa kigezo cha kasi, uamuzi ulikuwa na mantiki: mashine za wakati huo zilikuwa na kumbukumbu ndogo na skrini zilichorwa polepole.

Pamoja na uchoraji uliingia usomaji wa fonti. Fonti ni faili linalotoka kwa yeyote, pengine likiwa ndani ya waraka uliotumwa, na kulisoma ni kutafsiri maelekezo ya mtu asiyejulikana. Mwaka 2011 iligunduliwa kwamba programu haribifu ya Duqu ilikuwa ikiingia katika mashine kupitia kosa la kusoma fonti ndani ya kiini cha Windows. Baadaye, katika matoleo ya Windows 10, usomaji wa fonti ulitolewa na kupelekwa katika mchakato wenye haki chache.

Kisa hiki hakimaanishi kwamba michoro yote haifai kuwa katika kiini. Linux ilifanya safari ya kwenda ndani: katika toleo la 2.6.29, mwaka 2009, uwekaji wa hali ya skrini, ambao awali ulikuwa ukifanywa na seva ya madirisha ikigusa maunzi moja kwa moja, ulianza kuhamishiwa katika kiini. Safari zote mbili zilikuwa sahihi. Kuamua nani anaiamuru skrini kwa sasa ni usuluhishi kati ya wanaogombea kifaa kimoja. Kutafsiri umbo la herufi si usuluhishi, hakuna anayegombania. Anayeziita zote mbili kwa jina moja la “michoro” na kutafuta jibu moja atakosea kwa vyovyote. Aidha, ni vyema kutambua kwamba fonti haikuhamishiwa katika maktaba ya kila programu, bali katika mchakato uliotengwa. Hapa ndipo tofauti ya maktaba na seva, iliyotajwa katika sehemu ya 2.0, inapoonyesha umuhimu wake.

6.0 Kisa cha Tatu: QUIC na Swali la Nani Ataitengeneza

Kisa cha tatu kinaleta jambo ambalo waandishi wa awali hawakulipa nafasi kubwa, yaani muda wa marekebisho. Itifaki ya TCP hukaa katika kiini. Kubadilisha tabia yake kunahitaji kubadilisha viini vya mashine za pande zote, na mwenye programu hana mamlaka juu ya viini vya wateja wake. Mtumiaji wa simu ambayo mtengenezaji wake ameacha kuitolea matoleo mapya anaweza kupata programu mpya kila wiki, na bado akatumia kiini cha miaka mingi iliyopita.

Wajenzi wa QUIC waliweka uthibitisho wa kupokelewa, udhibiti wa msongamano na usimbaji wa siri katika maktaba ndani ya programu tumizi, juu ya UDP. Itifaki ilisanifishwa Mei 2021 kama RFC 9000. Gharama ilionekana: Adam Langley na wenzake (2017) waliripoti kwamba mwanzoni seva zao zilitumia takriban mara 3.5 ya kazi ya prosesa iliyotumiwa na TCP yenye TLS, na baada ya maboresho takriban mara mbili. Walikubali kulipa bei hiyo ili waweze kurekebisha itifaki kwa majuma badala ya miaka. Huu ni ushahidi mwingine kwamba kasi si kigezo cha mwisho hata kwa wale wanaoithamini sana.

Ikumbukwe kwamba UDP ilibaki ndani. Kugawa namba za milango na kuamua pakiti iliyofika ni ya mchakato upi ni kazi ya msuluhishi. Lakini udhibiti wa msongamano unabaki kuwa swali gumu. Lengo lake ni kuwalinda watumiaji wengine wa mtandao, yaani watu wa tatu. Kwa kigezo cha usuluhishi, ungetarajiwa kuwa mikononi mwa asiyependelea upande. Sasa umo mikononi mwa kila mwenye programu. Inaweza kujibiwa kwamba kiini cha mashine moja hakijawahi kuwa hakimu wa mtandao mzima, kwa kuwa mwenye mashine aliweza kukibadilisha wakati wowote. Jibu hilo lina ukweli, lakini halikimalizi kabisa kikwazo: mwenye mashine na mwenye programu si mtu mmoja.

7.0 Mjadala

Visa hivi vitatu vinaonyesha kwamba kipengele kizima ni kipimo kikubwa mno. Kufuli, uchoraji, uzi na itifaki vyote viligawanyika, na mpaka ulipita katikati yake. Kwa hiyo swali “je, kipengele hiki ni cha kiini au cha maktaba?” limeulizwa vibaya. Inapendekezwa kwamba mchunguzi akivunje kipengele katika kazi zake ndogo, kisha kwa kila kazi aulize maswali manne yafuatayo, kwa mpangilio huu.

Kwanza, je, kazi hii inahitaji kumlazimisha asiyetaka? Kunyang'anya prosesa, kurudisha ukurasa wa kumbukumbu na kukatiza kitanzi ni za aina hii. Pili, je, inasimamia haki za asiyekuwapo, ama kwa sababu amekufa, amelala, au ni mtu wa tatu asiyejua kwamba jambo linatendeka? Umiliki wa vipande vya diski na kufuli la marehemu ni za aina hii. Jibu likiwa ndiyo kwa mojawapo, kazi hiyo ni ya kiini, au ya seva inayotegemea nguvu za kiini. Likiwa hapana kwa yote mawili, huja swali la tatu: maarifa ya kuifanya vizuri yako kwa nani? Swali la nne ni: ikikosewa, nani ataweza kuirekebisha, na baada ya muda gani? Kasi huja baada ya hayo, kama kipimo cha kuchagua kati ya utekelezaji unaokubalika.

Mpangilio huu unaeleza kile ambacho kigezo cha udogo kilikiacha wazi. Upangaji wa zamu haukutoka katika L4 kwa sababu zamu ni unyang'anyi uliohalalishwa; hauwezi kuachiwa wanaonyang'anywa. Unaeleza pia kwa nini eksokerneli ilifaulu kwa kumbukumbu na kutaabika kwa diski: ukurasa wa kumbukumbu una mmiliki aliye hai, wakati faili hudumu baada ya aliyeliandika kwisha kutoka.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Pingamizi ya kwanza ni kwamba kigezo hiki ni utengano wa zamani wa utaratibu na sera, uliotetewa na wajenzi wa Hydra mwaka 1975, ukiwa umevishwa vazi jipya. Undugu haukanushwi. Lakini utengano ule ulichukulia kwamba utaratibu hauna upande, ilhali kila utaratibu hubeba sera kidogo: kikomo cha hatua za kupitia orodha ya makufuli ni sera. Kigezo kinachopendekezwa hakidai kuwa kiini hakina sera. Kinadai kwamba sera ya kiini ihalalishwe kwa kumtaja anayelindwa. Pingamizi ya pili ni kwamba mashine nyingi za leo zina mtumiaji mmoja, au ni mashine pepe zinazoendesha programu moja, hivyo hakuna mtu wa tatu wa kulindwa. Mifumo kama MirageOS, inayounganisha programu na maktaba za mfumo katika kitu kimoja, imejengwa juu ya hali hiyo. Hii si pingamizi bali ni mfano: watu wa tatu wapo, ila wamehamia kwa majirani walio juu ya maunzi yaleyale, na usuluhishi umehamia kwa msimamizi wa mashine pepe. Hakimu amebadilisha ofisi tu.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamehakiki vigezo vya kasi, udogo na mwisho kwa mwisho, na kuonyesha kwamba kila kimoja kina ukweli wake lakini hakitoshi kuamua mgawanyo wa kazi kati ya kiini na maktaba. Uchunguzi wa nyuzi na makufuli, michoro, na QUIC umeonyesha kwamba kazi zinazokataa kuhama ni zile za kulazimisha na za kusimamia haki za asiyekuwapo. Nyingine zote zimehama, na zitaendelea kuhama, kufuatana na maunzi, maarifa na uwezo wa kurekebisha.

Kigezo kilichopendekezwa kina mipaka yake. Hakijatatua suala la udhibiti wa msongamano, ambapo haja ya msuluhishi na haja ya marekebisho ya haraka zinavutana. Vilevile hakisemi ni wakati gani seva ipendelewe kuliko kiini, pale ambapo zote mbili zinaweza kulinda. Masuala haya mawili yanastahili utafiti unaojitegemea. Kwa sasa inatosha kusisitiza kwamba anayependekeza kuongeza jambo katika kiini, hata kama ana takwimu nzuri za kasi, anawiwa jibu moja kabla ya yote: bila jambo hilo, ni nani atakayedhulumiwa, na kwa nini hawezi kujitetea mwenyewe?